Ndoo Imejaa, Iondoe

Binamu yangu anaendesha teksi ya mtandaoni huko Seattle, gari la umeme, na hasira zake hunifikia kwa ujumbe wa sauti. Ule wa mwezi uliopita ulikuwa wa dakika nne. "Kaka, hawa ni wezi wa mchana kweupe," alianza. Alikuwa amechomeka gari kwenye mashine ya kuchaji haraka, akavuka barabara kwenda kwa Wasomali, akaagiza wali wa mbuzi na ndizi yake mbivu pembeni, akala taratibu kama anavyostahili mtu aliyeamka saa kumi alfajiri. Kurudi, anakuta kampuni imemkata dola 18 juu ya bei ya umeme. Gari lilikuwa limemaliza kuchaji, muda wa hisani ukapita, na kila dakika iliyofuata, zote 45, ikahesabiwa senti 40. Tena ujumbe wa kumjulisha kwamba hesabu imeanza uliingia kwenye simu yake ukiwa umechelewa dakika kumi. "Umeme nimelipia. Na wenyewe umeshakata, hauingii hata chembe. Sasa wananilipisha nini, hewa?"

Madereva wengi wa magari ya umeme wanaamini hivyohivyo: kituo cha chaji ni duka la umeme, umeme ukiacha kuingia biashara imekwisha, na kinachokatwa baada ya hapo ni wizi. Nimeisikia hoja hii hata kwa watu wa Dar ambao hawajawahi kushika waya wa kuchajia gari, na sishangai. Mtanzania akisikia neno tozo roho humchafuka, tangu Julai 2021 tulipoanza kukatwa kwa kutumiana hela zetu wenyewe kwa simu. Mimi pia ilinichafuka. Lakini hasira ya tozo ile isitufanye tuione kila bei kuwa tozo.

Nenda kwenye bomba lolote la mtaa siku ya mgawo wa maji. Foleni ya ndoo imepinda mpaka kwenye kona ya duka. Mama mmoja ametega ndoo yake, akaenda kukaa kibarazani kwa jirani anasukwa nywele. Ndoo imejaa, maji yanamwagika. Yupo atakayesimama kumtetea, aseme mwacheni, kalipia shilingi zake? Hata mtoto wa darasa la pili ataisogeza ile ndoo pembeni atege ya mama yake, na mwenye ndoo akirudi na mdomo atajibiwa na foleni nzima. Pale bombani hakuna asiyejua kinachogombewa. Maji yapo, yanatoka. Kilicho adimu ni ile nafasi ya chini ya koki.

Gari la umeme ni ndoo isiyosogezeka. Lina uzito wa karibu tani mbili, milango imefungwa, na katika magari mengi kichwa cha waya hujifunga ndani ya tundu lake mpaka mwenye gari alifungue. Anayesubiri nyuma hawezi kuchomoa, hawezi kusukuma, hata wa kumsema hayupo. Kazi ambayo bombani hufanywa na mkono wa jirani na ulimi wa jirani, kwenye kituo cha chaji imebidi ifanywe na hela. (Na kusema kweli, ulimi wa foleni ya maji unauma kuliko dola 18.)

Tazama tozo hii ya kukalia nafasi ilivyoanza kwa Tesla. Desemba 2016 kampuni hiyo ya magari ya umeme ilitangaza kutoza senti 40 kwa kila dakika ambayo gari linabaki limechomekwa baada ya kumaliza kuchaji, ikamsamehe atakayeliondoa ndani ya dakika tano. Wanunuzi wa mwanzo wa gari lake la Model S walikuwa wameahidiwa kuchaji bure kwenye vituo vya kampuni, na kitu cha bure binadamu hukigeuza makazi: vituo vikawa maegesho. Kampuni ikasema inatumaini haitapata faida yoyote kwenye tozo hiyo. Kauli za kampuni mimi huzipima mara mbili, ila hii inapimika, kwa sababu baadaye hesabu ilirekebishwa. Huko Marekani, kituo kikiwa na magari chini ya nusu, hulipi kitu hata ukikesha. Kikifika nusu, ni senti 50 kwa dakika. Kikijaa kabisa, dola moja. Mwizi gani huyu anayekunja mikono yake pale tu ambapo hakuna mtu mwingine anayeitaka nafasi?

Nilimuuliza binamu kama siku ile kituo kilikuwa kimejaa. Akakohoa. Mashine sita, zote zimekaliwa, na magari mawili yanasubiri. Nikamkumbusha ujumbe wake mwingine, wa wakati wa baridi, alipokaa zaidi ya nusu saa nyuma ya gari jeupe lililokwisha kuchaji huku mwenyewe haonekani, naye abiria wa uwanja wa ndege wanampita kwenye simu mmoja baada ya mwingine. Siku hiyo hakusema kwamba mwenye gari jeupe amelipia umeme wake. Aliyoyasema sitayaandika hapa.

Kuna jambo la kiufundi ambalo wengi hawalijui, nalo linaivunja hoja ya umeme kuliko yote. Betri haijai kwa mwendo mmoja. Inafanana na daladala ya Kariakoo: abiria wa mwanzo wanaingia mbio na kukaa, wa mwisho wanasukumwa mmoja mmoja na konda huku mlango haufungi. Kwenye mashine za haraka, kutoka asilimia 10 hadi 80 ndiko kwenye kasi. Baada ya hapo gari lenyewe hupunguza umeme linaoupokea ili kulinda betri, na asilimia 20 za mwisho zinaweza kula muda uleule uliotumika kwa zile 70. Mtu aliyeng'ang'ania kufika mia moja anakalia mashine ya nguvu kubwa huku akinyonya umeme kwa mrija. Ndiyo maana Novemba 2023 Tesla ikaongeza Marekani tozo nyingine, ya msongamano: kwenye vituo vyenye shughuli nyingi, betri ikipita kiwango kilichowekwa, dakika zinaanza kulipiwa ingawa umeme bado unaingia. Umeme unaingia, unaulipia, na bado unalipia nafasi. Kama bidhaa ingekuwa umeme peke yake, tozo hiyo ingekuwa kichaa.

Wapo watakaosema dawa ni kuongeza mashine. Ziongezwe, nani kakataa? Ila mashine ya kuchaji haraka si soketi ya ukutani. Moja inaweza kuhitaji kilowati 150 au zaidi, na mahali penye kadhaa panataka transfoma yake na laini yake, gharama ambayo mwisho wake hurudi kwenye bei ya uniti. Kuongeza mabomba huku kila bomba lina ndoo iliyojaa chini yake ni kununua shaba bure. Hata wabunge wa Umoja wa Ulaya, ambao si watu wa kuyapenda makato ya kampuni, waliliona: kanuni yao ya vituo vya chaji, iliyoanza kutumika 13 Aprili 2024, inazitaka mashine kubwa ziuze umeme kwa bei ya kilowati-saa, kisha inaruhusu malipo ya ziada kwa dakika ili kuwakatisha tamaa wanaokalia nafasi.

Wala ubishi huu haukuanza na umeme. Mwaka 1935 mji wa Oklahoma City ulipoweka mita ya maegesho ya kwanza, senti tano kwa saa, wapo walioiita kodi juu ya gari la mtu. Waliokuja kuipenda ni wenye maduka, maana wateja walianza kupishana mlangoni. Profesa Donald Shoup wa Los Angeles alikiandikia kisa hiki cha maegesho kitabu kizima mwaka 2005, na kanuni yake ni nyepesi: bei iwe ile inayoacha nafasi moja au mbili wazi kila mtaa. Ikizidi hapo unakomoa watu, ikipungua unawazungusha.

Kwa kanuni hiyohiyo, sasa niwageukie wenye vituo, kwa sababu wapo wanaojificha nyuma ya hoja niliyoitoa. Ulaya kuna nguzo za kuchaji polepole zilizosimama pembeni mwa barabara za makazi, na wanaozitegemea ni watu wa maghorofa wasio na gereji. Waholanzi wana jina la kuganda kwenye nguzo hizo, laadpaalkleven. Wajerumani nao wana jina la malipo yake, Blockiergebühr. Mchana, mtaani kwenye watu wengi, sawa. Lakini mtu kachomeka saa tatu usiku, betri ikajaa saa nane, mtaa mzima umelala, halafu dakika zinahesabiwa mpaka asubuhi. Huyo anatakiwa ashuke na pajama kumpisha nani? Hapo hakuna foleni, na pasipo foleni hakuna cha kuuza. Mwenye gereji yake huchaji ndani ya ukuta wake wala hajui kama tozo hii ipo. Anayeilipa ni mpangaji wa ghorofa ya nne. Kwenye hilo kelele za madereva ni za haki, tena wapige zaidi.

Kwetu Afrika Mashariki mambo haya yamefika kwa mlango mwingine. Kigali na Nairobi, bodaboda nyingi za umeme hazisubiri kuchaji kabisa: dereva anaacha betri tupu anachukua iliyojaa, kama tunavyobadilisha mtungi wa gesi, na foleni inakwisha kwa dakika chache. Magari madogo kwa kawaida hayafanyi hivyo, na yanaongezeka. Kenya iliweka bei maalumu ya umeme wa vyombo hivi mwaka 2023, shilingi 16 kwa uniti na nusu yake nje ya saa za matumizi makubwa, kabla ya makato mengine. Bei nafuu kama hiyo itavuta watu, na watakuta kituo cha mashine moja au mbili kwenye maegesho ya duka kubwa. Penye mashine moja, ndoo moja iliyojaa imefunga kisima chote. Anayefungua kituo leo abandike ubao wenye maneno machache: shilingi ngapi kwa dakika, zinaanza lini, na kwamba hazihesabiwi kama hakuna anayesubiri. Na simu ya mteja iite kabla ya hesabu kuanza.

Binamu bado anazidai dola zake 18. Mimi nimemwambia wamrudishie nne, zile za dakika kumi ambazo hakujulishwa. Hizo 14 amelipia wali.