Barua Iliyotoka Bwera: Intaneti Hukaa Wapi?

Juma hili ukurasa wetu wa nyumbani umepokea barua kutoka Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe. Mwandishi wake ni mke wa askari, na mumewe yuko kazini mbali na nyumbani. Ameomba jina lake lisitajwe, nasi tumeliheshimu ombi hilo. Anaandika hivi:

“Mzee wetu, baada ya salamu, mimi na watoto hatujambo. Siku chache zilizopita niliona ujumbe katika simu yangu usemao kwamba jamaa za askari wajiandikishe ili watoto wapate msaada wa karo. Chini yake palikuwa na maneno ya buluu ya kubonyeza. Nikabonyeza, ukafunguka ukurasa wenye picha ya bendera. Nikajaza jina langu, namba ya simu, na mahali anapofanya kazi mume wangu. Walipotaka namba ya siri ya pesa za simu, binti yangu akanishika mkono. Nimefuta kila kitu katika simu. Je, niliyoyaandika yamefutika kweli? Kama hayakufutika, yamekwenda wapi? Na hiyo intaneti yenyewe hukaa wapi? Mume wangu sijamwambia.”

Dada yetu, hatutakuficha. Uliyoyaandika hayakufutika. Ulichofuta ni nakala iliyobaki mkononi mwako, kama mtu aliyetia barua posta kisha akarudi nyumbani kuchoma karatasi ya kaboni. Barua yenyewe imekwisha kwenda. Ili ujue imekwenda wapi, hapana budi tuanze na swali lako la mwisho.

Intaneti haikai mahali pamoja. Haimo ndani ya simu, wala haielei mawinguni kama wengi wadhanivyo. Ni mashine nyingi mno, katika nchi karibu zote za dunia, zilizounganishwa na kukubaliana kanuni moja ya kupelekeana habari. Askari watapenda kujua kwamba fedha za kuianza zilitoka Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Tarehe 29 Oktoba 1969, mashine iliyokuwa katika chuo kikuu kimoja mjini Los Angeles ilijaribu kupeleka neno moja kwa mashine nyingine huko Stanford. Zilifika herufi mbili tu, kisha mtambo ukakwama! Walirekebisha, wakaendelea. Tarehe 1 Januari 1983 mtandao ule ulianza kutumia kanuni ambazo mpaka leo ndizo msingi wa intaneti.

Njia yenyewe wazee wa Kilembe wataielewa upesi. Tangu mwaka 1956 reli ilipofika Kasese, shaba iliyochimbwa Kilembe ilichukuliwa kwa treni mpaka Jinja ikayeyushwe, kisha ikaendelea hadi bandari ya Mombasa na kuvuka bahari. Kazi ile ilisimama mnamo mwaka 1982, na ni miaka mingi sasa treni haijafika Kasese. Lakini habari za leo hufuata mwelekeo ule ule. Hushuka kutoka milimani, hufika pwani, huvuka bahari, na majibu hurudi kwa njia hiyo. Tuifuate barua ya dada yetu hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kutoka simu hadi mnara. Simu hutoa mawimbi ya redio, ndugu wa yale yatumiwayo na askari wa mawasiliano. Mawimbi haya huzuiwa na mlima, ndiyo sababu katika bonde jembamba kama la Kilembe mtu aweza kuongea vizuri akiwa mlangoni, akiingia nyuma ya nyumba sauti ikapotea. Tena mawimbi hayajui mpaka. Mkazi wa Mpondwe aweza kuona simu yake imeshika mnara ulio ng’ambo ya mto Lhubiriha, upande wa Kongo, na gharama ikapanda bila yeye kuvuka daraja.

Hatua ya pili ni kutoka mnara hadi mjini. Hapa habari hurushwa kutoka kilima hadi kilima, au hupita katika nyuzi za kioo zilizofukiwa ardhini. Uzi mmoja ni mwembamba kama unywele, na ndani yake hupita mwanga unaomweka mara nyingi mno kwa sekunde moja. Mwanga ndani ya kioo huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Safari ya Kasese hadi Kampala, ambayo basi huimaliza kwa saa nyingi, mwanga huimaliza kabla hujapepesa jicho.

Hatua ya tatu ni Kampala. Hapo, tangu mwaka 2001, kuna kituo ambapo kampuni mbalimbali za mawasiliano hubadilishana mizigo yao. Kabla ya hapo, barua ya mteja wa kampuni moja kwenda kwa jirani yake aliye mteja wa kampuni nyingine iliweza kutoka nje ya nchi kwa setilaiti, ikazunguka ughaibuni, kisha ikarudi mjini ilikotoka. Ni sawa na mtu wa Kasese kupitia Ulaya ili afike Hima!

Hatua ya nne ni bahari. Mpaka mwaka 2009 Afrika Mashariki ilitegemea zaidi setilaiti zilizo juu yetu kama kilomita 36,000. Zilikuwa ghali, tena za polepole. Mwezi Julai mwaka ule mkongo wa SEACOM ulianza kazi katika pwani yetu, na mwaka uliofuata ukaja wa EASSy. Mkongo ni kamba nene yenye nyuzi za kioo ndani, iliyolazwa chini ya bahari. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili ilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikawa nzito Uganda, Kenya, Tanzania na nchi nyingine. Siku ile wengi walizilaumu simu zao, wakazima na kuwasha, kumbe ubovu ulikuwa chini ya maji, maelfu ya kilomita kutoka hapa.

Hata hivyo mawasiliano hayakukatika kabisa, na sababu yake ni jinsi mizigo inavyofungwa. Barua au picha haisafiri nzima. Hukatwa vipande vidogo, kila kimoja chenye ukubwa wa kama herufi 1,500. Kila kipande hubandikwa anwani ya kitokako, anwani ya kiendako, na namba yake katika msururu. Ni kama mabehewa ya treni moja yaliyofunguliwa, kila moja likashika njia yake. Njiani mna mashine za kuongoza, mithili ya askari wa usalama barabarani penye njia panda. Zikiona njia moja imefungwa, hupeleka vipande kwa njia nyingine. Vikifika, hupangwa kwa namba zake, na kilichopotea huombwa kiletwe tena.

Lakini hayo yawezekana pale tu ambapo kuna njia ya pili. Watu wa Kilembe hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mafuriko ya mto Nyamwamba ya Mei 2013, na yale ya Mei 2020, yalibomoa nyumba na madaraja, yakaharibu na hospitali ya Kilembe. Wanajua ilivyo hali ya mahali panapofikiwa kwa daraja moja.

Sasa, barua hufikia kwa nani? Mwisho wa njia kuna mashine iitwayo seva, ambayo kazi yake ni kungoja maombi na kuyajibu usiku na mchana. Kila seva ina anwani ya namba. Kwa kuwa wanadamu ni wepisi kusahau namba, zimewekwa seva nyingine zilizo kama kitabu cha simu: wewe huandika jina, nazo hukupa namba. Kurasa hizi zenye picha na maneno ya kubonyeza huitwa wavuti, nayo ilibuniwa mwaka 1989 na Mwingereza Tim Berners-Lee, alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva. Mwaka 1993 kituo hicho kiliitoa kwa watu wote bure. Wengi huchanganya wavuti na intaneti. Intaneti ni reli, na wavuti ni mmojawapo wa mizigo ipitayo juu yake. Mizigo mingine ni barua pepe, simu za picha, na kadhalika.

Dada yetu, sasa twaweza kukujibu. Ulipobonyeza yale maneno ya buluu, simu yako iliomba ukurasa kutoka seva fulani. Ukurasa ukaja na bendera yake. Kuchora bendera ni kazi ya dakika moja, na yeyote aweza kuifanya. Ulipojaza jina na namba, vipande viliondoka Bwera vikapanda mnarani, vikafika kwenye seva iliyokodiwa na mtu usiyemjua, pengine katika nchi ambayo wewe na mimi hatujaikanyaga. Huko yameandikwa, na mwenye seva aweza kuyanakili mara mia. Simu yako haina mkono wa kufika huko na kuyafuta.

Walijuaje kwamba wewe ni mke wa askari? Huenda hawakujua. Kupeleka ujumbe mmoja kwa namba elfu kumi ni gharama ndogo. Miongoni mwa elfu kumi hawakosi wake wa askari, na hao ndio watakaobonyeza. Mvuvi hamjui samaki kwa jina.

Basi fanya hivi, nawe msomaji mwingine ujifunze.

Kwanza, badili leo hii namba ya siri ya pesa za simu, ingawa hukuitoa. Kisha ipigie kampuni yako ya simu kwa namba unayoijua, wala si kwa namba iliyoletwa na ujumbe ule, uwaeleze yaliyotokea. Toa habari pia katika kituo cha polisi kilicho karibu. Ukipigiwa simu na mtu anayekutaja jina lako na kazi ya mumeo, usistaajabu wala usimwamini. Wewe mwenyewe ndiye uliyempa habari hizo.

Pili, soma jina la ukurasa kabla hujajaza kitu. Anwani za wavuti za Serikali ya Uganda huishia kwa go.ug. Tazama mahali jina linapoishia, kabla ya mkwaju wa kwanza unaolifuata. Herufi go.ug zikiwa katikati, na baada yake pana nukta na neno jingine, huo si mlango wa Serikali. Tena usidanganywe na picha ya kufuli juu ya ukurasa. Kufuli maana yake ni kwamba vipande vimefungwa kwa fumbo ili mpita njia asivisome. Haisemi kwamba anayevipokea ni mwaminifu. Mwizi naye aweza kununua kufuli.

Tatu, namba ya siri haiulizwi na afisa, wala wakala, wala kampuni. Anayeiuliza ni mwizi, hata akiwa na sauti ya upole.

Nne, jihadharini na habari za mahali walipo askari wetu. Mwezi Novemba 2017 kampuni ya Strava, yenye programu ya kupima mbio, ilichapisha ramani ya dunia ya njia walizokimbia wateja wake. Januari 2018 watu wakagundua kwamba katika nchi kama Afghanistan na Syria njia zile zilikuwa zimechora kambi za kijeshi. Askari walikuwa wakifanya mazoezi ya asubuhi tu, saa zao zikiandika kila hatua. Hakuna aliyekusudia kutoa siri. Vivyo hivyo simu nyingi zaweza kuandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Picha ya baba akiwa kazini na ibaki nyumbani.

Tano, nalo ndilo gumu kuliko yote: mwambie mumeo. Twajua waona haya, na waogopa hasira zake. Lakini uliandika mahali alipo, na habari hiyo si mali yako peke yako. Yafaa aijue, naye amweleze mkubwa wake wa kazi. Afande akipata habari mapema aweza kujipanga. Akiipata baada ya madhara, hakuna atakalolirudisha. Wazee walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Aliyedanganywa na mwizi hakutenda kosa. Kosa ni kunyamaza.

Mwisho, mshukuru binti yako. Mkono wake mdogo umeokoa akiba ya nyumba. Mketishe karibu nawe kila ujumbe usioufahamu unapoingia, nanyi muusome pamoja, polepole, kuanzia jina la mpelekaji hadi neno la mwisho. Hakuna karo itakayokimbia kwa kungojwa mpaka jioni.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaeleza jinsi ya kutunga maneno ya siri ambayo mtoto wa nyumbani aweza kuyakumbuka na mgeni asiweze kuyabahatisha. Wenye maswali waandike.