Malalamiko ya mwanamke yasiitwe imani potofu

Mwanamke akiacha sindano ya uzazi wa mpango, au akirudi zahanati kutaka kijiti kitolewe, maelezo huwa tayari: imani potofu. Sikubaliani nayo. Uvumi upo, wapo wanaoamini vidonge vya majira hurundikana tumboni, na si kweli. Lakini damu inayotoka wiki tatu mfululizo si uvumi. Sindano na vijiti huvuruga hedhi, na watoa huduma wanalijua hilo. Aliyeacha sindano ya miezi mitatu naye anaweza kukaa miezi tisa, kumi au zaidi kabla ya kushika mimba. Asipoambiwa mapema ataamini kizazi kimeharibika, na mtaa mzima utaamini pamoja naye.

Dharau hii ni ya zamani. Vidonge vilipoanza kujaribiwa Puerto Rico mwaka 1956, Dkt. Edris Rice-Wray aliripoti kuwa asilimia 17 ya wanawake walisumbuliwa na kichefuchefu, kizunguzungu na maumivu ya kichwa. Gregory Pincus, aliyeongoza utafiti, alidai ni hofu zao tu. Kumbe kidonge kile kilibeba homoni nyingi mno kuliko vya leo! Ilibidi wanawake wapaze sauti katikati ya vikao vya Seneti ya Marekani mwaka 1970 ndipo serikali ikaagiza kila pakiti iwe na karatasi ya maelezo.

Tanzania karatasi hiyo tunayo, mara nyingi kwa Kiingereza, kwa hiyo mteja hulindwa na maswali ya mhudumu. Presha ikifika 140 kwa 90, vidonge vyenye estrojeni vinamwongezea hatari ya kiharusi; atafutiwe njia nyingine. Vivyo hivyo kwa mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni. Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu aulizwe pia, maana inapunguza nguvu ya vidonge na hata vijiti. Haya yote ni dakika chache na mashine ya presha inayofanya kazi. Foleni isiwe kisingizio.

Kinachoniuma zaidi ni kutoa kijiti. Miaka mitatu au mitano ni muda wa dawa kufanya kazi, haimfungi mtu. Mwenye mwili akisema kitoke, kitolewe, bila kuulizwa ruhusa ya mume wala kuambiwa avumilie kwanza. Wizara inayohesabu waliowekewa vijiti ihesabu pia walioomba vitolewe, na wangapi walirudishwa nyumbani navyo.