Besi si mkono wa kushoto wa kinanda

"Mpiga besi wa nini, wakati kinanda kina besi ndani?" Kaa na viongozi wa kwaya au wenye kumbi, kuanzia Shinyanga mjini hadi Katoro, hutaikosa hiyo. Wanaitoa kama hesabu: mwenye kinanda analipwa peke yake, bendi inalipwa watu watano. Kwenye pesa siwabishii. Kwenye muziki wanakosea, tena vibaya.

Mpiga besi ndiye anayeamua noti ife lini, na hapo ndipo ilipo kazi ya vidole. Cha shahada na cha kati vinapokezana, dole gumba linatulia juu ya uzi wa E wakati haupigwi ili usingurume ovyo, mkono wa kushoto unalegea kidogo tu, sauti inakatika. Muulize yeyote aliyewahi kucheza Sikinde au Msondo: mwili unainuka pale besi inaponyamaza. Kinanda nacho kina vimya vyake, ila ni vilevile kila mzunguko, hata mwimbaji akichelewa kuvuta pumzi.

Kijana anayetaka kujifunza anaambiwa video zimejaa kwenye simu. Haya. Uzi wa E mtupu hutetema kama mara 41 kwa sekunde, na spika ya simu haifiki huko hata kwa dawa. Anaviona vidole, hasikii vilichofanya. Anaokota kinachosikika, yaani mbio na kuchapa nyuzi kwa dole gumba. Jumapili anaipiga kwaya kama anayefukuza ng'ombe, mzee wa kanisa anapata ushahidi wake: si nilisema, bora kinanda!

(Na wanaofanya kupokezana vidole kuwa amri wapunguze ukali. James Jamerson, mpiga besi wa rekodi za Motown, alitumia zaidi kidole kimoja, cha shahada.)

Kanda hii haina ugeni na mambo haya. Tabora hapo jirani ilikuwa na Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, na Wasukuma wamelima kwa mdundo wa bugobogobo kabla umeme haujafika. Leo kwaya ngapi zina gitaa la besi limelala stoo, nyuzi zimeshika kutu? Litoeni. Kabla ya kuchangisha kinanda kipya, nunueni nyuzi nne na spika yenye kifua, kisha mkalisheni huyo kijana jioni mbili kwa wiki karibu na mpiga drams.