Acha Kwanza Mshipi

KANDO YA MTO
Na Ndirangu Mathenge

Wageni ninaowapeleka kuvua trauti huniuliza swali moja kabla hata ya kuvaa buti: leo tutapata wangapi? Huwa sijibu. Nawaambia wachuchumae nyuma ya kichaka na kuangalia maji, mshipi ukae kwanza. Wengine hununa. Wamelipia siku nzima, nami nawakalisha ukingoni kama ng'ombe wanaongoja zamu ya kunywa.

Kazi ya anayeongoza wavuvi, kwa maoni yangu, ni kumchelewesha mgeni. Trauti hukaa kichwa kikielekea maji yanakotoka, akingoja mto umletee chakula. Hapotezi nguvu bure. Mtafute pale maji ya kasi yanapopakana na yaliyotulia, nyuma ya jiwe au chini ya ukingo uliolika, mahali anapoweza kuchomoka, akadaka, akarudi. Ukisimama wima amekwisha kukuona. Kwa hiyo tunainama, tunamwendea kwa nyuma, tukipanda na mto.

Kisha nageuza jiwe moja. Chini yake wamejibana wadudu wachanga, wengine bapa wenye vimkia vitatu, wengine wamejijengea vijumba vya mchanga na vijiti. Huo ndio mlo wake wa siku hiyo, na ndoano yetu iliyovishwa manyoya na uzi lazima ifanane nao, ukubwa kwanza, rangi baadaye. Mgeni akishaona hayo ndipo ninapompa ruhusa ya kurusha.

Sasa hili la kumrudisha samaki majini. Majirani zangu hulicheka: mtu mzima atoke Nairobi, apigwe na baridi kutwa, amnase samaki, halafu amwachilie? Huko ni kuchezea chakula! Wana haki ya kuuliza, maana trauti si wa hapa. Mayai yake yaliletwa kutoka Loch Leven, Uskoti, mwaka 1905 na Ewart Grogan, na vifaranga wakatiwa katika Mto Gura, milima ya Aberdare. Waliletwa kwa starehe ya walowezi. Baadaye yakaja masharti ya leseni, na mito mingine ikawa ya nzi bandia tu, yaani ndoano hizi za manyoya, mtoto wa kijijini na nyungunyungu wake akawa mvunja sheria.

Basi mimi simpi trauti utakatifu wowote. Namrudisha kwa hesabu. Vijito vya juu mlimani ni baridi na chakula ni haba. Samaki hukua polepole, na wale wakubwa wa kuzaa ni wachache. Bwawani, kwenye vifaranga waliototolewa na kupandikizwa, namwambia mgeni achukue mmoja, amkaange, asione haya. Mtoni anakozaa mwenyewe, arudi.

Ila arudishwe kweli. Ule mwiba mdogo nyuma ya ncha ya ndoano huwa nimeubana kwa koleo tangu nyumbani. Lowesha mikono kwanza, kwani mkono mkavu unambandua ute unaomkinga na kuvu. Usimguse matamvua. Akilegea, mshikilie taratibu akielekea mkondo, mpaka apige mkia mwenyewe. Na anayemwinua juu dakika nzima akitafuta picha ya kutuma, kisha akajisifu kwamba amemwachilia, afadhali angemla.

Kiangazi kikikaza, mito ikapungua na pampu za mashambani zikiendelea kuvuta kilichobaki, maji hupata joto na hewa ndani yake hupungua. Samaki aliyepambana na mshipi katika maji hayo anaweza kuogelea akaondoka vizuri tu, akafia mbele. Ndiyo maana natembea na kipimajoto mfukoni. Maji yakikaribia nyuzi 20 nafunga kazi ya mtoni, hata kama mgeni amekwisha kufika na kulipa. Wenzangu wananiambia napoteza pesa, na ni kweli napoteza. Wageni wengi hukubali tuhamie bwawani. Wasiokubali narudisha malipo yao, nao huenda kumtafuta kiongozi mwingine, na hawamkosi.