Kipimo cha selimundu kiingie kwenye kadi ya kliniki

Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa mtoto mmoja kati ya watano amebeba kinasaba cha selimundu, na zaidi ya mmoja katika kila mia ni mgonjwa kabisa. Tumelijua hilo kwa msaada wa kijikaratasi. Mtoto wa mama mwenye virusi vya Ukimwi hutobolewa kisigino kliniki, damu ikadondoshwa kwenye miduara ya karatasi maalumu, ikaachwa ikauke, ikafungwa na kupelekwa maabara. Watafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walizitoa karatasi ambazo majibu yake ya Ukimwi yalishapatikana, wakazipima upya, safari hii wakitafuta selimundu. Zilikuwa zaidi ya 17,000, na matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Uganda walikuwa wametangulia kwa njia hiyo hiyo. Walipima karatasi zaidi ya 90,000 kutoka nchi nzima, wakatoa ramani yao mwaka 2016.

Kwa hiyo karatasi ipo, muuguzi anayejua kutoboa kisigino yupo, na maabara ipo. Mtoto anayezaliwa leo anapata BCG na matone ya polio bila mzazi kumwomba mtu. Kipimo cha selimundu bado ni bahati. Ukijifungulia penye mradi utakipata, ukijifungulia kwingine utasubiri mtoto aumwe kwanza.

Na kusubiri ndiko kunakoua. Mtoto mchanga huzaliwa na damu ya aina yake, ile aliyoitumia tumboni, na damu hiyo humkinga kwa miezi kadhaa. Anacheka, ananenepa, kila anayempokea anamsifia. Kinga hiyo ikipungua, vidole na nyayo vinavimba na kuuma, mtoto analia akiguswa tu. Mama anaambiwa ni malaria, anarudi nyumbani na dawa ya mseto na panado. Jirani anasema kachezewa. Wakati huo wengu, kiungo kinachomsaidia kupambana na vijidudu vya nimonia, unaharibika taratibu, na siku homa kali inapoingia huenda saa chache zikatosha kummaliza. Wataalamu wanakadiria kwamba Afrika zaidi ya nusu ya watoto hawa, wasipopata matibabu, hufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Tanzania peke yake inakadiriwa kuzaa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Wengi wao huzikwa kwa jina la ugonjwa mwingine.

Dawa ya kuzuia kifo hicho ni penisilini ya kunywa, asubuhi na jioni, hadi miaka mitano. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1986 ulionyesha kwamba inapunguza maambukizi hayo hatari kwa zaidi ya asilimia 80, na wenzetu wakaeneza upimaji wa watoto wachanga jimbo baada ya jimbo. Penisilini! Dawa ya kawaida kabisa. Lakini humpi mtoto kinga ya ugonjwa usiojua kwamba anao.

Dawa ya pili ni haidroksiyurea, ambayo huiamsha tena ile damu ya uchanga. Kwa muda mrefu madaktari waliihofia kwa watoto wa Afrika, wakidhani itawaongezea malaria na utapiamlo. Basi ikajaribiwa kwa watoto zaidi ya 600 katika nchi nne: Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Uganda na Kenya, kituo cha Kenya kikiwa Kilifi. Matokeo ya 2019 yalifuta hofu hiyo. Maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, haja ya kuongezewa damu ikashuka, vifo vikapungua, na hata malaria yenyewe ikapungua. Watoto wa Afrika wameithibitishia dunia kwamba dawa inafaa, kisha mzazi wa wilayani anazunguka na cheti chake kutoka duka hadi duka akiitafuta.

Desemba 2023 Marekani iliidhinisha tiba ya kuhariri vinasaba vya mgonjwa wa selimundu. Bei yake ilipotangazwa ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Nawapongeza wanasayansi kwa dhati, na sitaki tuitolee macho tiba hiyo hadi tusahau kidonge. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, nayo imeshaanza kupandikiza uloto, jambo la kujivunia. Ila anayefika huko ni yule aliyekwisha kupimwa.

Wapo watakaosema fedha hakuna, hasa baada ya Marekani kusimamisha misaada Januari 2025, kwa kuwa mfumo wa zile karatasi ulijengwa kwa sehemu kubwa na fedha za Ukimwi. Mimi naona hiyo ni sababu ya kuukamata mfumo huo sasa, ukiwa bado una wahudumu na mashine, na kuuwekea fungu letu wenyewe. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita bungeni Novemba 2023. Bima humlipia mgonjwa mwenye jina la ugonjwa wake, na mtoto asiyepimwa hana jina hilo.

Yapo pia ya nyumbani kwetu, na hapa nasema na wanaume. Hakuna mtoto wa selimundu aliyerithi kwa mama peke yake. Baba na mama wote wawili wametoa, na kama wote ni wabebaji tu, kila mimba yao ina uwezekano wa robo wa kuzaa mtoto mgonjwa. Kinasaba hiki kimejaa Ziwani na Pwani kwa sababu anayekibeba kutoka kwa mzazi mmoja hulindwa dhidi ya malaria kali, kama Anthony Allison alivyoonyesha mwaka 1954 kwa utafiti wa Afrika Mashariki. Mke aliyefukuzwa pamoja na mtoto wake kwa madai ya mkosi wa ukoo amefukuzwa na mtu ambaye damu yake haijapimwa. Nendeni mkapime. Mkiwa huko changieni na damu, maana watoto hawa huongezewa mara kwa mara na benki za damu huishiwa upesi.

Ya kudai ni mawili: kila mtoto anayezaliwa apimwe selimundu na jibu liandikwe kwenye kadi yake, na hospitali ya wilaya isikose penisilini ya watoto na haidroksiyurea. Fulana za tarehe 19 Juni, Siku ya Selimundu Duniani, hazitoshi, na ikifika Juni tunakuwa tumeshachelewa. Bajeti ya halmashauri hupikwa miezi kadhaa kabla ya Bunge la bajeti kukaa Dodoma. Mahali pa kusemea ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao sheria inataka uitishwe kila baada ya miezi mitatu. Mganga mfawidhi wa zahanati aulizwe mbele ya watu amepima watoto wangapi. Swali liandikwe kwenye muhtasari, diwani akabidhiwe nakala.

Kijiji kimoja kikiuliza, mtendaji ataandika na kusahau. Magu, Sengerema, Bunda, Tarime na Muheza zikiuliza swali hilo hilo ndani ya robo moja ya mwaka, wabunge wao watakuwa nalo mkononi Bunge la bajeti likianza Aprili.