Pilipili pekee haitamzuia kiboko Mfangano

WAKULIMA wa kisiwa cha Mfangano, Kaunti ya Homa Bay, huvamiwa kwa zamu. Mchana ni tumbili washukao kutoka vichaka vya mlimani. Usiku ni kiboko, atokaye ziwani kutafuta nyasi na, akiyapata, mahindi. Ziwa Victoria lilipofurika mwaka 2020 na kufikia kiwango kisichoonekana tangu miaka ya 1960, ukingo wa maji ulisogea hadi karibu na milango ya watu, na kiboko akasogea nao.

Ushauri unaotolewa aghalabu ni wa mbinu za kiasili: kamba zilizopakwa pilipili na oili kuukuu (ingawa oili ya gari haina uasili wowote), au mizinga ya nyuki kuzunguka shamba. Ushauri huo una msingi. Huko Sagalla, karibu na Tsavo, utafiti wa miaka tisa uliochapishwa 2024 ulibaini kuwa nyua za mizinga ziliwazuia hadi asilimia 86 ya ndovu waliokaribia mashamba wakati mazao yamestawi.

Lakini hao ni ndovu, na Mfangano haina ndovu. Isitoshe, pilipili huoshwa na mvua, hivyo sharti ipakwe upya kila mara.

Udhaifu wa kiboko uko miguuni. Ni mifupi, na mnyama huyo haruki. Ukuta wa mawe usiozidi kiuno cha mtu, au mtaro wenye kingo wima, humgeuza. Mawe nayo si haba kisiwani humo. Tumbili, kwa upande wake, hucheka ukuta na kuzoea sanamu upesi. Dawa yake ni mbwa na mlinzi, na mlinzi huyo mara nyingi ni mtoto ambaye angekuwa darasani.

Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inaruhusu fidia kwa mazao yaliyoharibiwa na kiboko, na Sh5 milioni kwa familia ya aliyeuawa. Hata hivyo, malipo hayo yamekuwa yakichukua miaka.

Ugumu wa ukuta ni ujirani. Kiboko hufuata njia ile ile kila usiku. Anayeiziba peke yake humwelekeza kwa jirani, au kwenye kijia cha akina mama waendao kuteka maji alfajiri. Kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, wenye mashamba wapaswa kukubaliana ni njia ipi itakayoachwa wazi.