Chakula Kitamu, Deni Chungu



Wapendwa Taifa la Mungu, wapo wanaonung'unika kwamba familia zetu zimezoea kufungasha chakula kwa mama lishe na kwenda kukila nyumbani, eti huo ni uvivu wa akina mama. Sisi hatuungani nao. Sato wa kukaanga kutoka Mwigobero, Musoma, akifika mezani pamoja na ugali wa udaga, familia ikasali na kula pamoja, hapo dhambi haipo. Ipo furaha, na furaha ya halali ni zawadi ya Mungu.

Dhambi iko kwingine: kula bila kulipa. "Niandikie, nitalipa mwisho wa mwezi." Mwezi unakwisha, mshahara unaingia, na mteja anaanza kupita njia nyingine.

Tunaambiwa ni deni dogo. Dogo kwa nani? Mama lishe, awe Bunda au Butiama, hununua samaki, unga, mafuta na mkaa kabla hajauza sahani hata moja. Faida yake ni ndogo. Sahani moja isiyolipwa humeza faida ya sahani kadhaa. Wakopaji wakiwa wengi, wanakula mtaji wenyewe, na jiko linazimika. Maajabu gani haya, maskini kumkopesha mwenye mshahara!

Kitabu cha Walawi 19:13 kinakataza ujira wa kibarua kulala kwetu hadi asubuhi. Mtu atajitetea: "Mama lishe si kibarua wangu." Basi na asome Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2411: kulipa madeni ni dai la haki. Si hisani. Jambo hili ni la Amri ya Saba, wala sadaka nono haliifuti.

Tena, watu wa Mara tunajivunia kaburi la Mwalimu Nyerere pale Butiama. Azimio la Arusha la 1967 lililaani unyonyaji. Je, mnyonyaji ni bepari wa mbali tu, na siyo mla sato asiyelipa?

Bwana wetu anatuagiza kuiacha sadaka mbele ya altare na kupatana kwanza na ndugu (Mt 5:23-24). Basi, kabla ya Dominika ijayo, mwenye deni apitie kwa mama lishe, alipe na kuomba radhi. Kisha afungashe sato wake, akamle kwa amani.

Tuwatakieni juma lenye baraka.